Entraîneur Anayetaka Kaswera Bila Mbuzi

Butembo, mwezi wa saba 2001

Kwa Bwana Léon Tshibangu, mwalimu wa volley kwenye université, Uganda

Bwana Entraîneur,

Wavukire. Njo vile tunasalimia kwetu, na mimi nakusalimia vizuri juu ya heshima, hata kama roho yangu haijatulia. Mimi ni Phinées Muyisa, muuzaji wa maharagi hapa Butembo, baba ya Kaswera, ule musichana murefu uliyemuona Kasindi, siku ile ulivuka mupaka kuangalia mashindano ya volley ya masomo. Tangu siku ile umeandika, umeita kwa phonie, umetuma batu. Unasema unamutaka kwenye équipe yako, atasoma bure, atalala kwenye home ya basichana. Tumesikia. Sasa na wewe usikie malalamiko yetu, moja moja.

1. Kwetu mutu anayetaka binti ya wenyewe haanzi na binti. Anatafuta mujumbe. Mujumbe anakuja na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, anakaa, anaongea habari ya mvua, anarudi kwao bila kusema neno. Mara ingine ndiyo anasema. Kiisha zinafuata mbuzi. Wewe barua yako ya kwanza ulimuandikia Kaswera mwenyewe, na mbele ya kuuliza kama baba yake anaishi ukauliza urefu wake na kilo zake. Bwana, hata kwenye soko ya Kirumba mununuzi wa ngombe anasalimia kwanza mwenyewe. Mais sisi si batu babaya. Tulimupandisha kwenye balance ya maharagi: ni nusu gunia na debe moja. Urefu hatuna cha kupimia, ila tangu mwaka jana anainama kuingia jikoni.

2. Phonie. Unajua phonie ni redio, si telefone. Pale kwa Ésaïe, mwenye phonie ya mutaa wetu, batu banakaa kwenye benchi kungojea zamu, na kila neno banasikia bote. Wewe Mukongomani wa Kasaï, unajua hii vizuri, mais ulipaza sauti eti unamutaka Kaswera, unamutaka mwaka huu huu, à vous, eti sasa ni zamu yangu kujibu. Mbele nifike nyumbani, bibi yangu Kanyere, mama ya Kaswera, alikuwa amekwisha kupewa pongezi na majirani, na dada yangu Rébecca alikuwa amesimama kwenye mulango akiuliza mbuzi ni ngapi. Nikamuambia hapana, ni mambo ya volley. Akauliza hao ba-volley ni ba ukoo gani. Siku ingine uongee polepole, sauti ya chini, sawa mutu mwenye haya.

3. Cassette. Ulisema bila cassette ya video wakubwa wako hawatakubali. Huku mwenye camera ni Ananie, na Ananie anajua ndoa peke yake. Alipiga match yote sawa ndoa. Akaonyesha wageni mumoja mumoja, akaonyesha padiri, akakaa sana kwenye sufuria ya wali. Kaswera anaonekana akipita mbele ya padiri, akiruka, miguu peke yake. Rébecca aliiangalia akalia, anasema sherehe ilikuwa nzuri. Tukakutumia, na wewe ukajibu kwamba haitoshi. Ananie amekasirika, na mimi nimekasirika pamoja naye.

4. Unaandika eti mutoto atoke haraka juu huku kuko vita. Hapa umetukosea sana. Butembo ni amani. Tena amani tuko nazo nyingi, kila kundi ya askari imekuja na yake, na kila amani iko na barrière yake ya kulipisha batu njiani. Hata uwanja wa volley wa masomo unalindwa kuliko zamani: askari bamejenga kambi juu yake. Wavu hautapotea, banafungia mbuzi za batu.

Na komanda wao anapenda michezo. Yule, Bwana Entraîneur, anakupita kwa desturi. Yeye hakumuandikia Kaswera. Alituma bajumbe babili kwangu mimi baba, sawa vile inapaswa. Balikaa, bakaongea habari ya mvua, bakakula kuku, bunduki zao juu ya meza yangu. Kiisha bakasema komanda anataka Kaswera akuje kambini kufundisha askari volley, na akuje na nguo za kulalia, juu mazoezi inachelewa kumalizika. Batarudi kumuchukua siku ya Mungu, Jumapili hii. Hata kilo zake hawakuuliza. Kanyere alibaki ameshika ile sahani ya mifupa, hakuiweka chini mupaka bakaenda. Yule komanda sikumuandikia malalamiko yoyote.

5. Donc, ukimutaka Kaswera, masharti ni haya. Ukuje wewe mwenyewe Butembo, na bazee ba ukoo wako kutoka Kasaï. Usiniambie kwamba njia ya Kasaï imefungwa na vita, hiyo ni shida ya askari, si shida ya desturi. Mulete mbuzi ya baba, mbuzi ya mama, na mbuzi ya shangazi, ile nene. Recteur, mukubwa wa université, naye akuje, juu yeye njo atakaa na mutoto. Équipe yote ikuje tuone kama ni basichana ba malezi. Na mukikuja bote hivyo, mutarudi kufanya nini? Mulete na université. Sisi hapa tumezoea kujijengea, hata barabara tunajichangia. Tuko na parcelle nyuma ya nyumba, iko na migomba mais tutakata. Kaswera atasoma pale, na jioni atavuka lupango, ule uzio wetu, akule kwao.

Mbele ya hayo yote kutimia, Kaswera hatoki hapa. Neno yangu ni moja, na mama yake amesema vilevile.

Pokea heshima ya mutu ambaye hajafurahi. Salimia bibi yako na batoto, salimia recteur, salimia mama anayelinda home ya basichana, na ule anayewapikia. Umuambie huyo mupishi kwamba Kaswera akikula samaki kavu anavimba macho. Si kwamba anakuja, ni kujulisha tu.

Phinées Muyisa,
baba asiyekubali

N.B. Nilitafuta mutu wa kukuletea barua hii, nikakosa. Anayekuletea ni Kaswera mwenyewe. Amepanda camion ya mujomba wake Josaphat, chini ya bâche, ile turubai, kati ya magunia ya maharagi, na inaondoka mbele ya ile siku ya Mungu. Viatu vyake vimepasuka kwa vidole, utaona. Kuku kwenye kitunga ni yako, mama yake njo ameitia. Habari ya mbuzi tutaongea vita ikiisha. Tafazali, usimurudishe huku kuleta jibu. Jibu upige kwa phonie, kwa Ésaïe, useme tu kwamba maharagi imefika. Mimi na Kanyere tutakuwa kwenye benchi kila siku tangu asubui. Usiogope batu. Sema kwa sauti kubwa.