Ukurasa wa Mpiga Ngoma

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Okestra itapiga muziki wa Kitinda wangu! Okestra nzima, watu arobaini, viatu vinang'aa! Haya shajara, habari za leo. Salamu zilinitoka kichwani kwa furaha. Kitinda ni binti yangu wa mwisho, miaka ishirini na minne, mtunzi wa muziki. Muziki wenyewe, ibaki siri yetu, sijauelewa. Unaanza kama mtu anaburuta kabati. Kimya. Halafu filimbi inashtuka. Wifi yangu, ambaye mwanawe ni daktari wa meno, aliuliza kama redio imeharibika. Nikamjibu hayo ni mambo ya waliosoma. Akanuna. Safi!

Jumanne, tarehe 4
Nimegundua jambo. Karatasi za wapigaji ziko mezani, Kitinda yuko bafuni. Ya mpiga filimbi, nota zimejaa kama sisimizi. Ya mpiga ngoma kubwa, ukurasa mtupu! Vinota vitatu tu, chini kabisa. Maskini, baba wa watu asimame pale kama nguzo? Mwanangu alichoka, basi. Na mimi mama ni wa nini? Nimechukua kalamu, nikanakili nota za filimbi, nikamjazia. Mwandiko wangu ulisifiwa tangu darasa la tano.

Jumatano, tarehe 5
Sielewi! Nilijipeleka mazoezini na chupa ya chai. Mpiga ngoma akatwanga kwa moyo wote. Nikapiga makofi. Wenzake wakaziba masikio. Kitinda uso ukamshuka. Mwongoza okestra akasema hapo palitakiwa kimya, na kimya hicho ndicho kiini cha utunzi. Kumbe kimya nacho kinatungwa?! Akasema karatasi zisipokuwa sawa kufikia kesho asubuhi, utunzi unaondolewa na unawekwa wa mzee mmoja aliyekufa zamani. Marehemu amnyang'anye mwanangu nafasi!

Alhamisi, tarehe 6
Nimekiri. Kitinda aliniuliza taratibu: mama, ni wewe? Nikasema ni kalamu. Akacheka, akalia, akacheka tena. Sikujua nimshike wapi. Akauandika upya ukurasa ule, mimi nimekalia mikono yangu, kwa amri yake. Mwongozaji amekubali! Kitinda ameniapisha: nisiguse tena karatasi ya nota, na siku ya onyesho nije peke yangu, nitulie. Wifi amesema hata yeye angelia, angekuwa na mama kama mimi. Wivu mtupu.

Ijumaa, tarehe 7
Kiapo nimekishika. Nota sijagusa. Ila nilipita kwa mchapaji, nikakuta kijitabu watakachogawiwa wageni mlangoni. Jina la Kitinda lipo, la mama yake halipo! Na kile si karatasi ya nota. Nikambembeleza mchapaji aongeze kamstari: "Akisaidiwa na mama yake, upande wa ngoma." Nakala mia tatu, tayari. Halafu hiyo ya kuja peke yangu, nani huyo anayekwenda peke yake kwenye furaha? Nimeshawaambia mashangazi wote, majirani wa juu na wa chini, fundi cherehani na wanawe, hata wifi. Kesho Jumamosi, saa kumi kamili, viti vya mbele!