Sigara Mbili Chini ya Mto

Jumatatu, 11 Agosti
Muhsin wangu yuko likizo. Mwaka wa pili chuo kikuu! Hapa Mazingara nani mwingine anaye? Lakini kuna jambo. Leo kafunga, na Ramadhani ilishapita. Mswaki wa mti hautoki mdomoni, kama mbuzi na jani. Kufuturu tu, simu: Athuman wa Korogwe. Katoka mbio, karudi uso unachuruzika maji ya udhu. Eti rafiki wa msikitini chuoni. Hmm! Rafiki gani anampigia mtu simu akishashiba?

Jumanne, 12 Agosti
Jirani yangu Mama Dennis kaja kuazima kinu. Uongo, kaja kunichimba. Eti Dennis wake alimwona Muhsin stendi ya Korogwe, sigara mdomoni. Nikamwambia Dennis akapimwe macho. Kinu nimemnyima.
Ila roho haijatulia. Nimenunua sigara mbili dukani kwa Bernardo, nimeziweka chini ya mto wa Muhsin. Zikibaki, Mama Dennis ataniomba radhi. Akili hii chuo hawafundishi!

Jumatano, 13 Agosti
Hazipo! Zote mbili! Nimenusa shati, nimenusa shuka. Hakuna moshi. Kazila? Nimeweka nyingine mbili. Bernardo kanitazama sana. Nikamwambia atazame mzani wake.

Alhamisi, 14 Agosti
Muhsin kanikalisha jikoni. Sigara nne mkononi. Nikasema leo nimekukamata. Kumbe kanikamata yeye! Bernardo kamwambia eti mimi, mama yake, navuta. Kwa hiyo mtoto kaona nazificha kwake, baba yake asizione.
Akasema nisione haya, na yeye alivuta miaka miwili. Sasa ana siku thelathini na tatu hajagusa. Kwenye kikundi chao cha msikitini wanafunga Jumatatu na Alhamisi, wanatawadha tamaa ikibana, na kila mmoja ana mwenzake wa kumpigia, hasa baada ya kula. Wanahesabu arobaini. Ukivuta moja, unaanza upya. Jana moja ilimfika mpaka mdomoni. Athuman alimsihi kwenye simu nusu saa.
Alilia. Nami nikalia. Nilitaka kusema ukweli, wallahi. Lakini nimwambie mimi ndiye niliyemtega? Nikasema ndiyo, mwanangu, nisaidie.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimepewa mwenzangu: Bi Shamimu wa Makuyuni, mama yake Athuman. Yeye aliacha ugoro. Nikimeza tonge la mwisho tu, kapiga. Kaniuliza, shoga, tamaa yako ikoje? Nimemwambia kali kuliko ya kwake.

Alhamisi, 21 Agosti
Muhsin katimiza arobaini! Tumekwenda Korogwe kwenye kikundi. Ustadhi wao kasema hajaona mtu anayeacha kirahisi kama mimi. Nikamwambia ndivyo ukoo wetu ulivyo.
Bi Shamimu alikuwepo. Kapiga chafya tatu. Tatu! Aliacha ugoro huyu? Kesho anakuja kunitembelea. Nimepitia kwa Bernardo, nimenunua kikopo cha ugoro. Kitakaa chini ya mkeka wa wageni, nione kama kitapungua.
Bernardo kaniuliza kama sigara hazinikolei tena.