Risasi Kisimani Kwihara

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Jua kali, maji ya shida, na Kwihara nzima inachota kwa jirani yangu Mahona! Kisima changu kiko karibu zaidi na barabara. Wanapita tu, wananisalimia, wanaendelea. Eti maji ya Mahona ni matamu. Nitamkomesha. Mpangaji wetu, Mwalimu Advera, anafundisha kemia mjini. Ana vikaratasi vya manjano vya kupimia maji. Kikigeuka chekundu, maji yana risasi. Nikauliza, risasi za bunduki? Akasema hapana, madini ya risasi, sumu mbaya hasa kwa watoto. Sumu! Kwa Mahona! Nimefurahi hadi chai imepoa.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimempelekea Mwalimu chupa ya maji ya Mahona. Nimeyakoleza kidogo kwa juisi nyekundu ya rozela, ili kikaratasi kisihangaike. Mwalimu akanusa. Akauliza Mahona ameanza lini kuchota juisi. Aibu! Sasa atapima visima vyote viwili mwenyewe, hadharani. Apime. Nimewaalika majirani.

Alhamisi, 10 Oktoba
Umati. Kikaratasi cha Mahona: manjano vilevile. Changu: chekundu kama pilipili! Nikadai kimekosea. Mwalimu akarudia. Chekundu. Akaangalia rundo la betri za magari ninazopasua pale pembeni, niuze kama chuma chakavu. Akasema betri zina risasi, akauliza maji yake namwaga wapi. Nikageuka kukitazama kisima changu. Mke wangu Najiat alimnyanyua Tunu, akamkumbatia. Mwanetu analalamika tumbo tangu mwezi uliopita. Mimi nilisema ni maembe mabichi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Bajaji hadi hospitali, Tunu magotini. Nimeomba dua njia nzima. Wamemtoa damu. Hakulia. Nimelia mimi, nesi akanipa kiti. Tuliporudi tukakuta ndoo zetu zote zimejaa maji. Mahona! Nikaenda kumshukuru. Akasema, “Shaban, mtoto ni wa wote. Chota.” Nimekiziba kisima changu kwa miba na mbao. Betri zimeondolewa na mabwana afya, na maneno makali juu.

Jumanne, 15 Oktoba
Majibu. Risasi imo kwenye damu ya Tunu, lakini bado ni kidogo. Daktari amesema asiyaguse tena maji yale, ale vizuri, arudi kupimwa. Alhamdulillahi! Nimemwambia Najiat kuwa mimi sasa ni mtu mwingine. Akasema, “Haya.”

Jumamosi, 19 Oktoba
Tunu anaruka kamba. Mwalimu ametangaza kuwa kesho atapima maji ya kijiji kizima, bure, uwanja wa shule. Watakuja hata watu wa mbali, wa Goweko! Nimeshapanga mabeseni yetu mbele kabisa ya foleni, moja baada ya jingine. Kila beseni ni nafasi, na nafasi inauzwa. Mahona nitampunguzia, ni jirani. Najiat amenifuata uwanjani akitafuta beseni la kufulia. Ameniuliza, kwa yote yaliyotupata, nimejifunza nini. Nimemjibu: kuwahi.