Naomba Nirudishiwe Ujinga Wangu

Usagara, Tanga
Tarehe 16 Oktoba, 1956

Kwa Bwana Meneja,
Kampuni ya Mkonge ya Kwashemoki,
Tanga.

Mheshimiwa Bwana Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kuisoma mpaka mwisho, maana najua kwa macho yangu kwamba karatasi nyingi unazitia saini bila kuzisoma.

Mimi ni Fanueli Mgonja, Mpare wa Usangi, umri miaka hamsini na mmoja. Nilikuwa nyapara katika shamba lako la Kwashemoki kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mwezi wa Mei robota la mkonge liliponiangukia mguuni. Kwa huruma yako hukunifukuza. Ulisema kwa kuwa nilisoma darasa sita kwa wamisioni na mwandiko wangu ni mzuri, niingie ofisini niwe mwanagenzi wa hesabu chini ya karani mkuu, Bwana Taimur bin Himyar. Nilishukuru sana. Leo naandika kuiondoa shukrani hiyo, kwa sababu zifuatazo:

1. Bwana Taimur ana miaka ishirini na mitatu. Kila asubuhi nikiingia husimama, huinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, Mzee Fanueli." Nami hujibu marahaba. Kabla marahaba haijanitoka mdomoni sawasawa, husema, "Mzee wangu, hesabu ya jana siyo. Irudie." Bwana Meneja, mtu mmoja hawezi kupewa shikamoo na kosa katika pumzi moja. Naomba aamriwe kuchagua. Ama aniamkie asinisahihishe, ama anisahihishe asiniamkie.

2. Nimekatazwa wino. Mimi ni baba wa watoto sita, babu wa wajukuu tisa na mzee wa usharika, lakini naandika kwa kalamu ya risasi, maana yake kosa langu linangojewa kabla sijalifanya. Kwa mazoea ya kuilamba kalamu hiyo midomo yangu imekuwa myeusi. Mke wangu Dorkasi aliniuliza mbele ya wageni kama siku hizi ofisini tunakula makaa.

3. Nilitoa shauri la busara. Nilisema, pale hesabu ya mtu aliyepita hamsini isipopatana na ya mtu asiyefika thelathini, tofauti igawanywe katikati, kama wazee wanavyoamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Bwana Taimur alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akanitwisha vitabu vya mishahara ya Kwashemoki, Januari mpaka Machi, nivihakiki peke yangu. Nilisema jumla zimeshaandikwa chini ya kila ukurasa, kwa hiyo kazi imekwisha. Akasema, "Usisome jumla, Mzee. Jumla ni maneno ya mtu. Jumlisha mwenyewe."

Hapo ndipo aliponiharibu.

4. Nilijumlisha. Kitabu cha mahudhurio cha Machi kinasema watu arobaini na watatu walimaliza kipande, ile kadi ya kazi, cha siku thelathini. Fedha zilizotolewa benki ni za siku thelathini. Lakini karatasi ya malipo, yenye alama za vidole gumba vyao, inaonyesha kila mmoja alilipwa siku ishirini na sita. Nikadhani ni kosa langu, kama kawaida. Nikarudia mara tano, nikavunja risasi mbili. Siku mia moja sabini na mbili, kwa shilingi moja na nusu, ni shilingi mia mbili hamsini na nane.

Nilizikuta fedha hizo ukurasa mwingine, chini ya Gharama Mchanganyiko za Shamba: rangi na tanga jipya la mashua, shilingi mia mbili arobaini; barafu, shilingi kumi na nane. Bwana Meneja, mimi nimekaa Kwashemoki miaka ishirini na miwili. Hakuna maji ya kuelea bata. Mashua niliyoiona mimi iko Raskazone, nyuma ya nyumba yako. Hati zote zina saini yako, kwa hiyo ni dhahiri kuna mwizi anayeiba saini ya bwana mkubwa kisha, kwa wema wake, anampakia rangi mashua yake. Huyo simlaumu. Namlaumu Bwana Taimur, aliyenifundisha kujumlisha.

5. Katika mstari wa kumi na saba nililikuta jina la Msafiri, Muha, mkata mkonge. Siku ya malipo ya Machi alinijia na kipande chake akasema amepunjwa siku nne. Nikamwambia, "Wewe hujui kusoma, utajuaje?" Akanijibu, "Siku nazijua kwa mgongo wangu, nyapara." Nikampiga kofi mbele ya wenzake, naye akaokota kofia yake akaondoka. Niliporudi nyumbani nililala vizuri sana.

Sasa silali. Kofi lile lilikuwa halali yangu, nilikuwa nimelisahau, na kijana asiye na hata ndevu amenirudishia. Laiti ningeachwa na darasa sita langu ningekufa na moyo mweupe, na mchungaji angenisifu kaburini.

6. Hili ndilo kubwa, maana sasa maradhi yameenea. Jumapili iliyopita nilipanda lori mpaka Kwashemoki kumwomba Msafiri radhi. Hakuitaka. Alisema, "Radhi yako siili. Nionyeshe pale ulipoona." Nikachukua fimbo yangu ya kutembelea nikamchorea chini: thelathini, toa ishirini na sita. Aliirudia kwa vidole vyake. Kisha akawaita wenzake. Kufika adhuhuri nilikuwa nimechora mara kumi, na leo nina hofu kukuarifu kwamba Kwashemoki kuna watu arobaini na watatu wanaojua kutoa. Bwana, leo wametoa siku. Kesho watatoa posho, keshokutwa watatoa mabwana.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: Bwana Taimur aachishwe kazi kabla hajamfundisha mtu mwingine, hesabu ya kutoa ipigwe marufuku katika kampuni nzima, ya kujumlisha ibaki kwa watu wa Raskazone tu, nami nirudishwe shambani, mguu wangu hivi ulivyo, pamoja na ujinga wangu wote kama nilivyoukabidhi mwezi wa Julai.

Nisalimie Memsabu, mpishi wako, dereva, na yule mbwa wako mkubwa, ambaye jina lake nimelizoea kwa kulisoma katika posho ya nyama ya wafanyakazi.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, niliyesoma kupita kiasi,

Fanueli Mgonja
Mwanagenzi wa Hesabu

Nyongeza: Haya ya juu niliyaandika jana. Leo Jumatano asubuhi, kabla sijakuletea, ameingia Bwana Afisa wa Kazi na karani wake. Watu wa Kwashemoki wamemwendea kwa miguu, wote. Akauliza ni nani anayevijua vitabu vya Januari mpaka Machi. Bwana Taimur akasimama akasema, "Mzee Fanueli. Nimeipitia hesabu yake yote. Sina cha kusahihisha." Miezi mitatu sijawahi kulisikia neno hilo, na nilijifanya natafuta miwani ili wasinione macho.

Basi nayafuta malalamiko yangu, la kwanza mpaka la sita. Bwana Taimur abaki. Sirudi shambani. Barua nakutumia vilevile, maana nakala yake ameshaichukua Bwana Afisa, ambaye anakungoja katika chumba chako na anakuomba usikawie.

Msafiri yuko hapa nami, amekuja kutoa ushahidi. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango. Nimempa kiti changu, na maneno haya ya mwisho nayaandika nimesimama.