Kufuli Lisilofunguliwa na Fundi Wake

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha pombe. Leo asubuhi, baada ya kupiga mswaki. Nimejitangazia mbele ya kioo, kwa sauti, ili pasiwe na ubishi baadaye.

Sababu ni jana. Nilikwenda kwa binti yangu kumwona mjukuu, ambaye sijambeba hata mara moja tangu azaliwe. Kwa heshima ya mtoto sikugusa kitu asubuhi yote. Nikapewa chai. Mkono ukatikisika, nusu kikombe ikaishia kwenye suruali. Nilipoinuka kumpokea mtoto, binti yangu akamvutia kifuani. Akasema, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, kwamba nitambeba siku atakayoona mikono yangu imetulia. Mke wangu akageukia dirishani. Yeye anakaa kule siku hizi, kumsaidia mzazi. Shemeji yangu anadai alihama kwa sababu nyingine, lakini shemeji huyo ana maneno mengi.

Mpango. Mimi ni fundi wa makufuli na vitasa. Nusu ya mtaa huu inalala usingizi kwa sababu yangu. Nikiweza kuwazuia wezi, nitashindwaje na chupa moja? Nimeunga kasha la chuma, nimeitia chupa ndani, nimepiga kufuli la mkono wangu mwenyewe. Ufunguo nimeutupa chooni. Kwisha kazi.

Shemeji kapita jioni na mkate. Ni mdogo wake mke wangu, mwoka mikate, tuliyekunywa naye miaka nenda miaka rudi mpaka alipoacha na kugeuka Mtakatifu. Kalitazama kasha. Kauliza kwa nini nisiimwage tu hiyo chupa. Swali la kitoto. Nimemweleza kwamba kufuli bila kitu ndani ni chuma tu, na kwamba mtu yeyote anaweza kujizuia na pombe isiyokuwepo. Kacheka. Kauliza kufuli hilo limetengenezwa na nani.

Jumanne, 4 Machi

Kufuli limefunguka kabla ya saa sita mchana. Kwa waya wa kuanikia nguo.

Ieleweke kwamba nilikuwa nalipima. Fundi asiyepima kazi yake ni tapeli. Lilipofunguka, chupa ikawa imekaa pale inanitazama, na ingekuwa ufidhuli kufunga bila kuonja. Nikaonja. Nikaonja tena kuhakikisha kwamba onjo la kwanza lilikuwa sahihi. Baada ya hapo sina kumbukumbu za kuandikika.

Jioni kichwa kinagonga kama karakana. Nimegundua kasoro: lile lilikuwa kufuli la kuzuia wezi wa kawaida. Mwizi wangu si wa kawaida. Amesomea karakana moja na mimi.

Jumatano, 5 Machi

Chupa mpya, kufuli jipya. Hili ni gumu kweli, halikubali waya. Na safari hii ufunguo nimempelekea Mtakatifu. Nimemkuta ana unga mpaka kwenye nyusi. Nimemwapisha asinipe hata nikilia. Kautia mfukoni mwa shati.

Saa tisa mchana nilirudi kuudai. Nilimwambia kuna nyaraka za mteja ndani ya kasha. Akakanda unga. Nikamwambia mteja ni mjane. Akaendelea kukanda. Nikamwambia yeye ni mnafiki, kwamba aliwahi kulala kwenye mtaro wa maji machafu na mimi ndiye niliyemtoa. Akasema ni kweli, na kwamba hajanisahau kwa hilo, ndiyo maana hanipi ufunguo.

Nikarudi karakana nikauchonga upya kutoka kichwani. Kila ufunguo niliochonga maishani naukumbuka meno yake. Watu hunisifia kipaji hicho. Leo nilikilaani huku tupa ikiendelea kula chuma.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Watu wanadhani naipenda. Sijaipenda miaka mingi. Zamani ilinipa raha, sasa inanirudisha tu pale wenzangu wanapoanzia asubuhi bila kunywa chochote. Nakunywa ili niwe mtu wa kawaida, na kila siku ukawaida huo unapanda bei. Nikikaza roho, mwili unanisaliti. Mwili ukitulia, roho inaanza kutunga mashairi. Ndani yangu kuna mtu anayejua kila kufuli ninalotengeneza, kwa sababu alikuwepo nikilitengeneza. Ninapokula kiapo naye anasikiliza. Hana papara. Ananingojea nimalize.

Inatisha kidogo. Kesho nitafikiria kufuli la namba.

Alhamisi, 6 Machi

Kufuli la namba nimeliacha. Namba lazima nizichague mimi.

Mtakatifu kanikokota zahanati. Muuguzi, mama mmoja mpole mwenye macho ya askari, kaniuliza nakunywa kiasi gani. Nikamtajia. Akaandika, akasema wengi humtajia nusu, kwa hiyo yeye ameandika mara mbili. Hesabu yake ilikuwa sawa, jambo lililoniudhi. Akaeleza kwamba mtu aliyekunywa muda mrefu kama mimi asikate ghafla akiwa peke yake, mwili unaweza kugoma vibaya mpaka mtu akaanguka kifafa. Kwamba huu ni ugonjwa, una dawa, na nirudi kila asubuhi anitazame. Nikamjulisha kwamba mimi si mgonjwa, mimi ni fundi. Akasema hata mafundi wana maini.

Nilimeza dawa mbele yake kwa adabu. Halafu nikakalishwa kwenye viti vilivyopangwa duara, watu wanasimulia. Nilikusudia kucheka. Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, akasema kwamba kuacha si kazi, yeye ameacha kila Jumatatu ya maisha yake. Kazi ni ile siku isiyo na msiba wala sherehe, saa kumi jioni, hakuna anayekutazama. Nikasahau kucheka. Zamu yangu ilipofika nikasema kufuli la kabati lao la dawa ni bovu, hata mtoto angelifungua. Ni kweli lakini. Nimewaahidi kulibadilisha.

Sijanywa leo. Mtakatifu analala sebuleni kwangu, anakoroma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoka jasho mpaka godoro limelowa. Mikono inacheza ngoma yake yenyewe. Shati nimefungwa vifungo na shemeji, kama mwanafunzi.

Tulikuwa tunarudi kutoka kwa muuguzi simu ikaita. Binti yangu, analia. Alitoka kuanika nguo, upepo ukaubamiza mlango. Ufunguo ndani. Mtoto ndani. Maji ya kuogea ya mtoto jikoni, juu ya jiko linalowaka. Mke wangu yuko sokoni na ufunguo wa pili, simu yake haipatikani.

Mlango ule ni wa chuma. Kitasa niliweka mimi, zawadi ya harusi, na mbele ya wakwe nilijipiga kifua kwamba hakuna mwizi chini ya jua atakayekifungua. Nondo za madirisha pia ni zangu. Nimemjengea binti yangu ngome, kisha ikamfungia mwanawe.

Tulikimbia. Tulipita mbele ya nyumba yangu, mbele ya kasha, na sikusimama. Naomba hili lihesabiwe popote mambo kama haya yanapohesabiwa.

Nikachomoa waya wake wa kuanikia nguo, nikapiga magoti mlangoni. Waya haukuingia kwenye tundu. Nikajaribu kwa mikono miwili, ukaanguka. Nikaokota, ukaanguka. Mtoto alikuwa analia kule ndani, halafu akanyamaza, na kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Harufu ya kitu kinachoungua ikaanza kupita chini ya mlango. Na yule mtu wa ndani yangu, mwenye subira zake, akaninong'oneza kwamba funda moja tu lingeituliza mikono. Hakuwa anadanganya. Hicho ndicho kinachomfanya awe hatari.

Nikampa shemeji waya. Nikamwambia yeye awe mikono, mimi niwe kichwa. Akaogopa, akasema yeye anajua unga tu. Nikamwambia asitumie nguvu, asikilize kwa vidole, kama anavyojua donge limeiva bila kulikata. Akafumba macho. Nikamwongoza: sukuma kidogo, ngoja, rudi, kuna kipini kimoja kimeinuka, usikiachie. Kitasa kikagoma mara mbili. Mara ya tatu kikazunguka.

Sufuria lilikuwa jeusi tii. Mtoto alikuwa mzima, amelala fofofo katikati ya moshi mwepesi. Binti yangu akamtoa nje, kisha akaniegemea begani na kulia. Hajaniegemea tangu alipokuwa shule. Akasema Jumapili atamleta kwangu. Akaishika mikono yangu yote miwili inayotikisika, akaitazama, akasema itatulia tu, tusiwe na haraka.

Nimelia njia nzima. Mtakatifu alijifanya haoni.

Jumamosi, 8 Machi

Mikono bado. Muuguzi anasema inakwenda vizuri, nizidi kuvumilia. Shemeji anashauri nikae kwenye kiti, binti yangu aweke mkono wake chini ya wangu, nimbebe hivyo hivyo. Yaani mimi, babu mtu, nibebeshwe mjukuu kama ninavyobebeshwa mtungi wa gesi! Nimekataa.

Karudi kwake kuoka mikate ya kesho. Kaniuliza kama achukue kasha, pamoja na chupa iliyosalia ndani. Nimemwambia baada ya jana hakuna haja, mimi sasa ni mtu mwingine.

Jumapili, 9 Machi

Nimefagia. Nimevaa shati la harusi ya binti yangu, vifungo nimefunga viwili, vingine vimenishinda. Nimejaribu kubeba mto, kwa mazoezi. Umeniponyoka.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila tamaa yoyote. Sharti la binti yangu lilikuwa mikono itulie. Yeye mwenyewe alisema. Na mimi najua, kitaalamu, kinachoituliza. Huku si kunywa. Kunywa ni kwa ajili yako mwenyewe, hii ni kwa ajili ya mtoto. Ningekuwa babu gani nikimdondosha mjukuu kwa sababu ya ukaidi?

Kufuli halikunisumbua. Kwa mikono hii, kuuingiza ule ufunguo niliouchonga Jumatano kulichukua muda, lakini halikunisumbua.

Funda moja. La pili ni la mkono wa kushoto. La tatu ni akiba, wakichelewa. Wamechelewa. Nimetafuna pipi za mnanaa, nimefungua dirisha, nimemaliza vifungo vyote vya shati bila kukosea.

Nimenyoosha mikono mbele yangu. Hata kidole hakitikisiki. Imetulia kama nilivyoahidi.

Hodi. Ni wao. Namsikia binti yangu mlangoni akimwambia mtoto kwamba leo babu atambeba. Mtakatifu na mke wangu wako naye, nasikia sauti zao, na mke wangu anacheka.

Naficha daftari. Kesho naanza kufuli jipya. Kosa nimeshaliona: haya yote yalikuwa madogo mno.