Équation Iliyoingia Katika Kasiksi Yetu

Nguba, Bukavu, Ijumaa asubuhi

Kwa Bwana Profesa anayefundisha hesabu za seli,

Nakusalimia kwa heshima, wewe na maman wa nyumba yako. Mimi ni Placide, tonton wa mwanafunzi wako Déborah. Nimekasirika, lakini nimevaa koti ili kukuandikia.

Ulimutuma mutoto atafute kwa ordinatere, ile kompyuta yenu, namna chachu zinaongezeka: seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa ine, mpaka sukari iishe. Vizuri. Lakini alichagua kupima nini? Bidon ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo mama yake, dada yangu Chantal, anatengenezea siku ya mahari ya Martine, binti yake mukubwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu mugeni hanywi kabla mutu wa nyumba hajaonja mbele yake, ajue hakuna sumu. Kazi hiyo ni yangu miaka kumi na tisa sasa, na hakuna aliyekufa. Tena muonjaji wa kweli hangoji sherehe; anafuata pombe tangu ingali tamu. Leo équation, ile hesabu ya Déborah, inasema itaiva kesho saa tisa. Nani tena atauliza ulimi wangu?

2. Kila mangaribi Déborah anapandisha bidon kwenye mizani, na kila mangaribi uzito umeshuka. Amechora courbe, mustari unaoteremka, ameitundika salon karibu na Bikira Maria, na chini yake ameandika: Kinachopotea. Wageni wakisoma, wananitazama mimi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

3. Nililazimika kujitetea. Jumanne, wote wakiwa kwenye misa ya jioni, nilirudisha uzito kwa maji, vikombe saba, sawasawa na nilivyoonja. Courbe ikaruka juu. Badala ya kufurahi, mutoto akalia. Naambiwa ulikataa kazi yake, ukasema hakuna chachu inayofanya hivyo, arudilie yote ao asitetee mémoire, kitabu chake cha kumaliza masomo, mwaka huu. Unaona shida équation yako inaleta.

4. Jumapili familia inakaa kuamua nani ataonja mbele ya wakwe. Cheo changu chote kimeshikwa na mustari wa bic. Tukinyamaza, kesho watatafuta équation ya nani alimaliza nyama ya Noeli, na ya mara ngapi nasinzia padri akihubiri.

Kwa hiyo naomba karatasi yenye stampu, useme kwamba hesabu haiwezi kujua nani alikunywa.

Wasalimie wanafunzi wote, sentinele wa mulangoni, na hata chachu zenu za labo, ambazo sina neno nazo.

Wako katika heshima,
Placide, muonjaji

Nyongeza: Nilimupa Déborah barua hii anisahihishie. Amesoma mara mbili, akakaa chini. Anasema kinachopotea ni hewa: chachu zikikula sukari zinatoa gaz, na uzito unapungua. Équation ilijua hivyo tangu mwanzo. Hakuna mutu aliyenishuku. Sasa anashika bic, ananiuliza kwa upole nilikunywa vikombe ngapi na siku gani, ili atoe makosa yangu katika hesabu. Nimeona haya, Profesa. Chachu hazikudanganya, wala mutoto hakudanganya. Jumanne ni mimi. Umuache atetee mémoire yake. Mimi nitakuja mwenyewe mbele ya jury, maprofesa watakaomupima, kutaja vikombe vyote, hata vile ambavyo Chantal hajasikia.