Mtungi wa Bi Mwanapili

Jumatatu, 7 Julai

Presha imeshuka. Mungu ashukuriwe. Nesi Purity wa zahanati amefurahi, ila anasema moyo wangu bado una haraka, nitafute kazi ya mikono ya kuutuliza. Wapo watu, anasema, ambao msimu wa baridi hukaa nyumbani wakapaka rangi vyombo vya udongo, na roho zao zikatulia.

Kipupwe ndicho hiki. Hoteli ninayofanyia kazi Diani haina wageni, na msimamizi amenipa makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki walipopaka milango. Buluu na nyekundu. Nimepaka chungu cha maua cha mke wangu, Mutheu. Roho imetulia kweli. Nimepaka na cha pili. Mutheu amesema anashukuru kuniona nimesimama tena, lakini nisiguse sufuria zake.

Jumanne, 8 Julai

Vyungu vimekwisha. Roho imeanza haraka tena.

Nilipougua, jirani yetu Bi Mwanapili aliniletea uji kila asubuhi, na maji baridi ya mtungi wake yaliyofukizwa ubani. Mimi Musyoki, mtu wa bara, nilifika Mwabungo sina wangu. Mama huyu amenifanya mwanawe. Na bado sijamshukuru! Jirani Kitsao keshamshukuru. Kisa mama huyu alimuuguzia mkewe siku chache tu, naye amemwezekea jiko makuti mapya, na kila apitaye njia anayasifu. Mimi niliyekunywa uji mwingi zaidi niko kimya.

Leo Bi Mwanapili amekwenda Msambweni kumchukua bintiye na mjukuu. Jumamosi ni arobaini ya mtoto, na wakwe watatoka Wasini. Ameniachia ufunguo nimlishie kuku. Nikiona kiu, alisema, mtungi upo.

Nimeutazama ule mtungi. Hauna pambo, rangi ya udongo, kama haujaambiwa kuna sherehe. Wazo limenijia hapo hapo.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwaga maji, nimeuanika mtungi mpaka ukakauka, nimeupaka buluu kuanzia shingo hadi kitako. Kwa heshima ya wakwe wa Wasini nimechora pomboo wanaoruka, kama wale wa bahari ya kisiwa chao. Pomboo wa kwanza amefanana na kiazi kitamu. Nimemrekebisha. Sasa ni kiazi kikubwa zaidi.

Hata hivyo unang'aa. Makuti hayang'ai. Siku nzima moyo haukunienda mbio hata kidogo. Nimesahau kulisha kuku.

Ijumaa, 11 Julai

Jana sikuandika. Kulikuwa na mambo.

Asubuhi nilijaza maji. Adhuhuri nikayaonja: vuguvugu. Nikamwita Mutheu. Akasema ni chai isiyo na majani wala sukari, tena ina harufu ya mlango. Kitsao, aliyekuwa akichungulia uani, akaniuliza kama sijui kwamba mtungi hupoza maji kwa kutoka jasho. Huu nimeuvisha koti la mvua. Akacheka hadi akashika ukuta.

Nikasugua rangi kwa mafuta ya taa. Pomboo wakavurugika, buluu ikabaki, na harufu ikawa mbili. Nikaona dawa ni kufukiza ubani, kama afanyavyo mwenyewe. Nikaweka kaa la moto ndani. Mtungi ulipuliza moto mara moja tu. Nyusi yangu ya kulia haipo.

Leo alasiri Bi Mwanapili amerudi na bintiye na mtoto. Nilimpokea mlangoni, shikamoo yangu ikatoka nusu. Aliutazama mtungi muda mrefu. Akanitazama nyusi. Akakaa kitako. Akasema ule mtungi ulikuwa wa mamake, na kila mtoto wa nyumba ile alinyweshwa maji yake siku ya arobaini. Kesho wakwe watakunywa nini?

Nimelia. Siandiki kwa kujisifu. Nilimweleza habari ya uji, na makuti, na kwamba nilitaka shukrani yangu ionekane. Akaniuliza, "Kwani mwanangu, ni nani aliyekwambia haikuonekana? Ulipopona mimi niliiona."

Kitsao alisikia yote. Alitoka, akarudi ameubeba mtungi wake mwenyewe, umejaa, unatoka jasho. Sijawahi kumpenda Kitsao. Leo nimempenda.

Jumamosi, 12 Julai

Arobaini imefana. Wakwe wamekunywa maji ya mtungi wa Kitsao yaliyofukizwa ubani, wakaomba tena. Kuhusu mtoto, Bi Mwanapili alitia maji kidogo katika mtungi wa mamake, akachota tone moja, akamgusisha midomoni. Mtoto alikunja uso, akapiga chafya, akalala. Bi Mwanapili akasema alhamdulillahi, mila haikukatika.

Mkwe mmoja aliuliza kwa nini kuna viazi juu ya mtungi. Bi Mwanapili akamjibu kwa utulivu kwamba wale ni pomboo, wamechorwa na mwanawe wa bara. Akaongeza kuwa kuanzia kesho ataweka humo mbegu zake za kunde, kwa kuwa chombo kisichopitisha unyevu amekitafuta siku nyingi. Sijui kama ni kweli. Nimemshukuru Mungu kwa mama huyu.

Njiani Mutheu aliniapisha. Nisipake tena mtungi wa mtu bila kuuliza kwanza. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumapili, 13 Julai

Sikulala vizuri. Wema wa Kitsao unanilemea. Alinicheka, kisha akanisitiri mbele ya wakwe, na mimi nitamlipa kwa neno asante tu? Hata makuti siwezi kuezeka.

Mtungi wake umerudishwa barazani kwake. Nimepita kuutazama. Hauna pambo, rangi ya udongo.

Nimetafakari sana kosa la juzi, na nimeligundua. Lilikuwa buluu. Buluu ni rangi nzito, huziba. Nyekundu ni nyepesi, mtungi utapumua vizuri.

Kitsao na mkewe wamekwenda kanisani. Kiapo ni kiapo. Nimesimama mlangoni pao, nimebisha hodi, nimeuliza kwa sauti, mara tatu. Hakuna aliyekataa.